Mnara wa kudondosha umegoma: kufuata dalili hadi chanzo

Ukiuangalia kwa mbali, mnara wa kudondosha, ule mchezo wa kwenye bustani za burudani, hauna mambo mengi. Winchi inavuta gondola yenye viti mpaka kileleni, kulabu zinaachia, watu wanaanguka kwa sekunde mbili tatu, kisha sumaku zinaidaka gondola kabla haijafika chini. Hakuna injini inayoisukuma wala pedali ya breki inayomsubiri mtu aikanyage.

Ugumu uko kwenye ulinzi. Kabla gondola haijanyanyuka, kompyuta ya udhibiti inataka majibu: kila kiti kimefungwa? Kibebeo, yaani kipande cha kwenye kamba kinachoinyanyua gondola, kimeshika? Upepo uko chini ya kikomo? Jibu moja likikosekana, mashine inagoma. Ndiyo maana karibu kila hitilafu utakayoitiwa ina sura ileile: mnara umesimama, taa nyekundu inawaka, foleni inanung'unika. Makosa makubwa huanzia hapo, maana mwendeshaji anataka taa izimike, na fundi anatakiwa kujua kwa nini imewaka. Kubonyeza riseti hakujawahi kutengeneza kitu. Mimi naruhusu riseti moja tu, tena baada ya mtu kwenda kuangalia kwa macho yake na kuandika alichokiona. Hitilafu ikirudi siku hiyohiyo, abiria wanashuka na mnara unafungwa hadi chanzo kijulikane.

Vipimo vya mwisho viko kwenye mwongozo wa mtengenezaji wa mnara wako. Ninachoweza kukupa hapa ni mpangilio wa kutafuta. Na kabla mkono haujaingia popote, umeme uwe umekatwa na kufungwa kwa kufuli ambayo ufunguo wake uko mfukoni mwako wewe, na gondola iwe imekaa chini au imeegemezwa kwenye vyuma vyake.

Kiti kimoja hakisomi, gondola haiondoki

Hii ndiyo kesi ya kila wiki. Abiria wamekaa, vizuizi vya mabega vimeshushwa, taa zote za viti ni kijani isipokuwa moja.

Anza na aliyekaa kabla ya kufikiria waya. Koti nene, kibegi cha kiunoni, simu kwenye mfuko wa kifuani, au mtu amekaa ukingoni mwa kiti badala ya kuegemea kabisa. Mwombe anyanyuke, aondoe kilichopo, akae upya. Ikiwa umbo lake haliruhusu kizuizi kufika mahali pa kufunga, hapandi. Usikisukume kwa goti wala usimwite mwenzako mkisukume wawili. Mwambie pembeni, kwa sauti ya chini na kwa heshima. Nimeona waendeshaji wenye roho nzuri wakilazimisha kizuizi kwa kumwonea mtu haya mbele ya foleni, na huruma ya aina hiyo inaweza kuua.

Kiti kikiwa kitupu na bado hakisomi, tatizo liko kwenye kihisi kinachoiambia kompyuta kwamba kizuizi kimefunga, kwenye waya au kwenye kufuli lenyewe. Shusha kizuizi taratibu huku msaidizi akitazama taa ndogo iliyo juu ya kihisi. Taa hiyo ikiwaka na ya paneli ikabaki imezimika, kihisi kiko sawa na habari inapotelea njiani. Zote mbili zisipowaka, safisha uso wa kihisi, maana grisi iliyoshikana na vumbi la chuma inatosha kukipofusha, kisha angalia kama bamba linalopita mbele yake limepinda. Waya nao una mahali pake pa kufia: pale unapojikunja kwenye bawaba ya kizuizi. Hapo hukunjwa na kunyooshwa mamia ya mara kwa siku. Ganda la nje linabaki zima, ndani nyuzi za shaba zimeshakatika. Ushike kwa vidole viwili, uukunje polepole, na taa ikianza kuchezacheza umeshaupata.

Sasa kuna dalili ya kinyume, nayo haipigi kelele hata kidogo. Taa ni kijani, mashine imeridhika, lakini pengo kati ya kizuizi na kiti ni kubwa kuliko la kiti cha jirani. Dalili hii naiogopa kuliko nyingine zote.

Tarehe 24 Machi 2022, huko Orlando nchini Marekani, kijana wa miaka 14 alichomoka kwenye kiti cha mnara wenye urefu wa zaidi ya mita 130 wakati sumaku zilipoanza kuikamata gondola. Alifariki. Uchunguzi ulioagizwa na jimbo la Florida haukukuta hitilafu ya mitambo wala ya umeme. Ulikuta kihisi cha kiti chake kimerekebishwa kwa mkono kutoka pale mtengenezaji alipokiweka, kikawa kinakubali kizuizi kilicho wazi karibu mara mbili ya kawaida. Taa iliwaka kama kawaida. Mwongozo ulikuwa na kikomo cha kilo 130 kwa abiria, na kijana yule alikuwa mzito zaidi. Mnara huo ulikuja kubomolewa.

Kwa hiyo pima pengo. Chonga kipande cha plastiki ngumu chenye unene sawa kabisa na pengo kubwa linaloruhusiwa na mwongozo wako. Kila asubuhi pita nacho viti vyote: kiti kikionyesha kijani huku kipande kinapenya kwa ulegevu, kiti hicho hakikaliwi siku hiyo, na ikiwa mwongozo hauruhusu kuendesha na kiti kilichofungwa, mnara mzima unangoja. Halafu chora mstari wa rangi unaovuka nati ya kila kihisi hadi kwenye bamba lake. Mstari ukionekana umekatika, kuna mtu amekizungusha, na utataka kujua ni nani na kwa nini kabla hujaurudisha.

Kizuizi kinachofunga vizuri kisha kikalegea ni jambo jingine. Vingi vinashikwa na silinda mbili za haidroli ili moja ikishindwa nyingine ibebe. Kifunge, kishike kwa mikono miwili, kivute juu kwa nguvu na hesabu hadi kumi. Kikipanda polepole kama mlango wenye shoki iliyokufa, mafuta yanapita mahali yasipotakiwa kupita: vali ya kuzuia kurudi nyuma ina uchafu, au sili ya silinda imechoka. Kikipanda ghafla kidogo kisha kikasimama, ni hewa ndani ya mafuta au pini iliyolika. Kwa vizuizi vya meno, sikiliza mlio wakati wa kushusha. Meno mazima hulia kwa mpigo sawa, na jino lililolika linaruka mpigo mmoja.

Na vikikataa kufunguka baada ya safari? Watu huingiwa na hofu kuliko walivyoogopa wakianguka, kwa hiyo zungumza nao mfululizo. Mara nyingi gondola haijakaa sawasawa kituoni, sentimita moja au mbili tu, na kihisi cha chini hakijaiona, au viguso vinavyoipa gondola umeme ikiwa kituoni vimechafuka. Mwongozo utakuonyesha mahali pa kufungulia kwa mkono. Fungua kiti kimoja kimoja, shika kizuizi kwa mkono wako kisimrukie abiria usoni, na anza na anayelia.

Kibebeo kimeshuka lakini hakishiki

Kibebeo ni kile kipande kinachoning'inia kwenye kamba na kushuka kuja kuichukua gondola. Kikigusa na kurudi bila kushika, angalia vitu vitatu kwa mpangilio huu: kulabu imejaa grisi ngumu kiasi kwamba springi haiirudishi, gondola imekaa upande mmoja kwa sababu gurudumu la mwongozo, lile linaloiongoza kwenye reli, limelika, au kihisi kinachothibitisha ushikaji kimesogea. Usisogeze kihisi kabla hujathibitisha kwa macho na tochi kwamba kulabu imeingia mpaka mwisho.

Inapanda kwa kushtuka, au kwa sauti mpya

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko popote, kwa sababu kinachobeba kila kitu wakati wa kupanda ni kamba za chuma, na kamba ya chuma haifi ghafla kama inavyosemwa. Inatoa dalili kwa miezi.

Kwanza tenganisha sauti. Mngurumo unaokwenda sawa na mzunguko wa ngoma ya winchi unatoka kwenye beringi za ngoma au giaboksi. Mlio wa kukwaruza unaosikika kileleni tu ni wa puli za juu. Kishindo kidogo kinachojirudia kila baada ya mita kadhaa, mahali palepale kila safari, tafuta maungio ya reli. Kishindo kinachohama mahali kila safari, tafuta kamba inayopanda juu ya mwenzake kwenye ngoma.

Mshtuko mwanzoni tu mwa kupanda kwa kawaida ni breki ya winchi inayochelewa kuachia. Mota inavuta dhidi ya breki iliyobana, kisha breki inaachia, gondola inaruka. Pima mkondo wa mota kwenye sekunde ya kwanza, kisha gusa, kwa tahadhari, ngoma ya breki baada ya safari tano. Ikiwa ya moto sana, umepata jibu.

Kuhusu kamba, nitakupa nilivyofundishwa na fundi mzee niliyekuwa chini yake. Mara ya kwanza kupewa kazi hiyo nilikuwa mwanafunzi, na niliimaliza kwa dakika ishirini.

"Mzee, kamba zote ziko sawa, nimezitazama."

"Umezitazama, mwanangu, au umezipita tu?"

Akachukua kitambaa cha pamba, akakizungusha kwenye kamba bila kukaza, akaniambia nishushe kibebeo kwa mwendo wa chini kabisa. Alisimama kimya. Baada ya mita kama arobaini kitambaa kilitikisika kidogo. Tuliposimamisha, palikuwa na uzi mmoja mweupe wa pamba umebaki juu ya chuma, mwembamba kama unywele, umeng'ang'ania ncha ya waya uliokatika ambao macho yangu yalikuwa yamepita juu yake mara mbili. Karibu yake kulikuwa na nyingine tatu. Zote zilikuwa kwenye kipande kile ambacho hukaa juu ya puli gondola inapoanza kunyanyuliwa, yaani mahali ambapo kamba inapindwa na kubebeshwa mzigo kwa pamoja.

Kwa hiyo kitambaa, mwendo wa chini, na mkono usiokaza, kwa sababu waya uliokatika unachana kiganja. Hesabu nyaya zilizokatika katika urefu ambao mwongozo unautaja. Kiwango cha ISO 4309, kilichoandikwa kwa ajili ya kamba za kreni, kina vigezo vya kuitupa kamba, na mafundi wengi wanavitumia pale mwongozo unapokuwa kimya. Pima kipenyo kwa kalipa yenye taya pana, juu ya migongo ya nyuzi, mara mbili kwa pembe mraba. Kipenyo kilichopungua mahali pamoja bila nyaya kukatika nje kinaonyesha kwamba kiini cha ndani kimesagika. Kutu nyekundu inayotoka kama unga kati ya nyuzi ni habari mbaya kuliko kutu ya juu. Angalia pia mwisho wa kamba, pale inapoingia kwenye soketi, kwa kuwa maji yanakaa hapo na watu hawapafikii.

Kamba zikiwa kadhaa, zisukume kwa kidole kwa urefu uleule. Moja ikiwa imelegea, nyingine zinabeba sehemu yake. Usikimbilie kuikaza kabla hujajua kwa nini imerefuka. Kamba mpya hurefuka siku za mwanzo, hilo ni la kawaida. Ya zamani ikirefuka ghafla, inatolewa.

Mwezi Juni 2007, kwenye mnara mmoja huko Kentucky, Marekani, kamba ilikatika safari ikiendelea, ikamkata msichana wa miaka 13 miguu yote miwili kwenye vifundo. Ripoti ya jimbo ilitaja kamba yenye kasoro, na pia waendeshaji ambao hawakufundishwa ipasavyo. Hilo la pili linanihuzunisha kila nikilikumbuka. Mwendeshaji anayesikia sauti asiyoizoea lazima awe na ruhusa ya kubonyeza kitufe cha dharura bila kumuuliza mtu, na asigombezwe hata ikigundulika kwamba kilichogonga kilikuwa kopo.

Imefika kileleni na haiachii

Sekunde kumi za kusubiri zinaweza kuwa sehemu ya mchezo. Dakika moja ni hitilafu. Upepo uliopanda katikati ya safari, kihisi cha kileleni kisichoona, shinikizo la hewa la kufungulia kulabu lililoshuka, au kulabu iliyobana kwa sababu gondola imeinama upande wenye watu wazito.

Hatua salama ni ileile kwa zote: ishushe taratibu kwa winchi, watu wakiwa wameshikwa na kibebeo kama walivyopanda. Kuna mtu atapendekeza fundi apande ngazi akaigonge kulabu. Kataa. Kulabu ikiachia kwa nyundo, inaachia wakati ambao hakuna aliyejipanga.

Ikikwama katikati na winchi imekufa, breki ya winchi inaweza kuachiwa kidogo kidogo kwa mkono, hatua kwa hatua, na gondola ikashuka yenyewe. Kazi hiyo inahitaji watu wawili na redio mbili, mmoja kwenye winchi, mmoja akiitazama gondola muda wote. Fanyeni mazoezi bila abiria walau mara chache kwa mwaka. Mara ya kwanza kufanya jambo hili isiwe siku ambayo watu 20 wanakutazama kutoka juu.

Inaanguka, lakini imekuwa nzito

Abiria hawaligundui hili. Saa inaligundua. Kitu kinachoanguka bila kizuizi kinatumia sekunde 2.02 kushuka mita 20 za mwanzo. Kikitumia 2.2, mchapuko umeshuka kutoka mita 9.8 hadi karibu 8.3 kwa sekunde kwa sekunde. Sehemu ya hiyo ni hewa, kwa hiyo usijilinganishe na kitabu cha fizikia. Jilinganishe na mnara wako ulipokuwa mpya. Kama kompyuta yako inarekodi muda kati ya vihisi viwili, chora muda huo kwa miezi sita na utauona msuguano ukikua kabla mtu hajasikia chochote.

Chanzo karibu siku zote ni magurudumu ya mwongozo. Zungusha kila moja kwa mkono gondola ikiwa chini. Lisilozunguka kwa wepesi lina beringi iliyokwisha, na lenye upande uliobapa limekuwa likiburuzwa. Tazama na reli: alama ya kung'aa upande mmoja tu inaeleza kwamba gondola inaegemea upande huo. Upakaji usio na usawa, watu wazima wote upande mmoja na watoto upande wa pili, unaweza kuleta alama hiyo bila kitu chochote kuharibika, na dawa yake iko kwa mwendeshaji anayepanga watu.

Inafika chini kwa kishindo

Breki za sumaku zinastahili kueleweka vizuri, kwa sababu watu wanaziamini kupita kiasi au wanaziogopa bila sababu. Sumaku za kudumu zinapita kando ya mapezi, yaani bamba nyembamba za shaba au aluminiamu. Kwenye minara mingi sumaku ziko nyuma ya gondola na mapezi yako kwenye mnara. Mwendo wa sumaku unazalisha mikondo ya umeme ndani ya pezi, mikondo hiyo inazaa sumaku yake inayopinga mwendo. Hakuna umeme wa nje, hakuna kugusana. Gondola iliyoanguka mita 50 inafika kwenye mapezi ikiwa na mwendo wa karibu kilomita 113 kwa saa, na umeme wote wa eneo ukikatika sekunde hiyo, itasimama vilevile.

Ila breki hii haisimamishi kabisa. Mwendo ukipungua, nguvu yake nayo inapungua, mpaka inalingana na uzito, na gondola inateremka kwa mwendo mdogo usiobadilika hadi kwenye shokomzoba za chini. Mwendo huo mdogo unafuata uzito: gondola iliyojaa inafika chini kwa kasi kuliko tupu. Swali la kwanza kwa anayelalamikia kishindo basi ni hili: ilikuwa imejaa? Ikiwa kishindo kinatokea kila mara hata tupu, angalia shokomzoba, mafuta yake na mpira wake wa juu. Nyingi za kesi hizi zinaishia hapo.

Kishindo kinachokuja alasiri tu, siku za watu wengi, kina hesabu yake. Chukua gondola ya tani 3 iliyoshuka mita 60. Nishati yake yote ni karibu megajuli 1.8, na sehemu kubwa inaishia kuwa joto ndani ya mapezi. Kama mapezi ni kilo 200 za shaba, mdondoko mmoja unaweza kuyapandisha karibu nyuzi 23 za Selsiasi. Mitatu mfululizo bila kupoa ni karibu nyuzi 70. Ukinzani wa shaba unapanda takriban asilimia 0.39 kwa kila nyuzi, kwa hiyo umeongezeka zaidi ya robo, na mwendo wa kufika chini umeongezeka kwa kiasi hichohicho. Pima joto la mapezi kwa kipimajoto cha mbali mara baada ya safari. Ikiwa hapo ndipo penye tatizo, dawa ni kurefusha muda kati ya safari, na mwenye bustani atalazimika kulikubali hilo.

Joto linazidhuru na sumaku zenyewe. Sumaku za neodimiamu za daraja la kawaida huanza kupoteza nguvu kwa kudumu zikipita nyuzi 80 hivi. Za daraja la juu huvumilia zaidi. Pia ni dhaifu kama kauri: zinameguka pembeni, na ganda lao la nikeli likitoboka zinaota kutu na kuvimba. Kwa hiyo pima pengo kati ya sumaku na pezi kwa kipimo cha shaba au plastiki, tafuta mikwaruzo kwenye pezi, tafuta pezi lililopinda, na hesabu sumaku. Iliyomeguka inabadilishwa. Usikaribishe kidole wala bisibisi ya chuma, na mwenye kifaa cha kusaidia moyo kifuani asipewe kazi hii.

Minara ya hewa

Aina nyingine inarusha au kushusha kwa hewa iliyobanwa. Big Shot, iliyofunguliwa mwaka 1996 juu ya mnara wa Stratosphere mjini Las Vegas, ni ya kundi hili. Hapa pistoni ndani ya silinda ndefu inavuta kamba zilizounganishwa na viti, na mashine inawapima abiria uzito kwanza ili ijue shinikizo gani litatosha.

Haifiki urefu wake wa kawaida? Angalia shinikizo la matangi, kisha uvujaji kwa maji ya sabuni kwenye kila kiungo, kisha sili za pistoni. Ikiwa inafika pungufu ikijaa na kuzidi ikiwa na wachache, shaka mfumo wa kupima uzito. Muda wa kujaza tangi ukizidi kurefuka wiki baada ya wiki, kompresa inachoka au kuna tundu. Na ondoa maji kwenye matangi kila siku. Ukifungua vali ya chini ikatema maji yenye rangi ya kutu, vali zote zilizo mbele yake zina uchafu huohuo.

Hitilafu inayokuja na kuondoka

Hii inachosha roho. Mnara unasimama mara mbili asubuhi, halafu siku nzima unakwenda. Unapokuja na vifaa vyako, hakuna kitu.

Acha kutafuta kitu kilichoharibika, tafuta kinachobadilika. Niliwahi kuhangaika siku tatu na kihisi cha kibebeo kilichokuwa kikipotea kila asubuhi na kurudi kabla ya saa nne. Tulibadilisha kihisi, tukabadilisha kadi kwenye paneli. Siku ya nne nilifika kabla jua halijachomoza, nikafungua kila kisanduku cha maungio kwa tochi. Kisanduku cha tatu kilikuwa na tone la umande linaning'inia chini ya kiunganishi, na pini mbili zilikuwa zimeota ukoko wa kijani. Jua likipiga kisanduku, tone linakauka, hitilafu inakwisha. Gasketi ya mfuniko ilikuwa imekunjwa na mtu aliyefunga kwa haraka.

Andika saa, hali ya hewa, mahali gondola ilipokuwa, uzito, na kihisi kipi kilikatika. Ikitokea mvua, fikiria maji. Ikitokea gondola ikipita urefu fulani, fikiria waya unaovutwa au kuguswa hapo. Ikitokea kompresa au mota kubwa jirani inapowaka, fikiria uwekaji ardhini (ethi) na waya wa ishara uliolazwa pamoja na wa nguvu. Kompyuta ikilalamika kwamba vihisi viwili vinavyopaswa kukubaliana vinatofautiana kwa sehemu ndogo ya sekunde, kimoja kimeanza kuchelewa. Kuna fundi ataongeza muda wa uvumilivu kwenye programu ili malalamiko yaishe. Usimruhusu.

Kabla abiria hawajarudi

Zungusha tupu mara kadhaa, kisha kwa mizigo ya majaribio, mifuko ya mchanga au madumu ya maji yaliyofungwa vizuri vitini: nusu ya uzito, uzito wote, halafu upande mmoja tu kama mwongozo unaruhusu. Baada ya kila mzunguko linganisha muda wa kuanguka, mwendo wa kufika chini, mkondo wa mota na joto la mapezi na rekodi za kabla ya hitilafu. Kama umebadilisha kamba, rudia kipimo cha mkazo baada ya mizunguko hii, itakuwa imekaa tofauti.

Kisha mpe mwendeshaji wa zamu daftari asome kilichofanyika kwa lugha yake, sehemu iliyoguswa na dalili ya kuangalia ikirudi, aweke sahihi chini ya yako. Kiti cha kwanza kukaguliwa kwa kipande cha plastiki kiwe kile kilicholeta tatizo.